Risiti na Sitara

Mimi ni mtunza fedha wa kikundi kidogo cha Kibaha na Kisarawe, tunahudumia vijana wanaoacha unga na watu wenye maradhi ya akili. Mafuta ya pikipiki kutoka Mailimoja hadi Maneromango, nauli ya anayekwenda Muhimbili kunywa methadoni, hata sabuni, vyote vina risiti.

Wenzangu husema masharti ya wafadhili ni utumwa. Sikubaliani nao. Katika mafungu manane ya wanaostahili zaka, Kurani imewataja na wanaoihudumia. Mtu wa daftari anatambuliwa na ujira wake umo. (Wapo wafadhili wanaotaka hesabu safi lakini mhasibu hawamlipi.) Mali ya mwenzio ukiishika, utaulizwa, na ni haki yake kuuliza.

Kinachonikwaza ni safu za mwisho za fomu ya wafadhili: jina kamili, namba ya NIDA, picha, sahihi ya mnufaika. Binti wa Minaki anakuja kwetu jioni, mtandio umemfika machoni, ili jirani asimtambue. Kwetu habari ya unga humfuata mtu mpaka kwenye posa. Uji aliokunywa nitautolea hesabu mpaka senti ya mwisho, lakini siri yake si mali ya mfadhili, wala si yangu niitoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, ila dini zetu zilitutaka tusitiriane zamani sana.

Mchungaji tunayefanya naye kazi alinibana: "Dada, sasa mkaguzi atajuaje kwamba hao watu wapo?" Swali la haki kabisa. Vikundi hewa tumeviona kwenye mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, hadi serikali ikaisimamisha mwaka 2023. Nikamwambia: tuwape namba badala ya majina, daftari la majina likae kabatini kwa muuguzi, na mkaguzi aje bila taarifa ahesabu sahani wakati wa chakula. Atakayetaka kuzungumza naye atazungumza kwa hiari yake.

Sharti la pili ni gumu zaidi: idadi ya waliopona. Anayetoa zaka huangalia kama mtu ni mhitaji. Harudi mwakani kumlaumu kwa kuwa bado maskini. Mraibu huacha, huanguka, hurudi, na methadoni yenyewe inaweza kunywewa miaka mingi. Ukinilipa kwa waliopona, nitaanza kuchagua wale waliokaribia kupona, na mgonjwa hasa nitamwambia nafasi zimejaa.

Ripoti ya robo hii nimeituma na risiti zote, safu ya picha nimeiacha wazi, na barua ya maelezo nimeiambatisha. Mchungaji ananiuliza ruzuku ikikatwa nauli ya Muhimbili atalipa nani. Kwa mwezi mmoja tunaweza kuchangishana msikitini na kanisani. Zaidi ya hapo sijui.