Mbuti Wetu na Karatasi ya Shamba

Kisa hiki ni cha mzee mmoja aliyekuwa na shamba kati ya Mbau na Oicha, kaskazini mwa mji wa Beni. Jina lake nimeliacha makusudi. Nyumba nyingi za Beni na Butembo zina mzee wa namna hiyo, na huenda wewe unayesoma ni mjukuu wake.

Mzee alizaliwa milimani, Lubero, mahali ambapo shamba la baba likishagawiwa wana watano, kila mmoja hupata matuta machache ya viazi. Wazazi wake walilitaja bonde la Semliki kama mtu anavyomtaja ng'ombe wake aliyeibwa. Wabelgiji walianzisha Mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga, mwaka 1925. Katika miaka ya 1930 mipaka yake ilisogezwa Semliki, na wakaaji wa bondeni wakahamishwa, sababu ikitajwa kuwa ni malale. Ugonjwa ulipopungua, bonde lilibaki kuwa la wanyama, na milima ikazidi kujaa watu. Miaka michache kabla ya uhuru, kijana huyo akatia panga begani akashuka kuelekea msituni kutafuta pa kulima.

Huko alipokelewa na Mbuti mmoja, mtu wa msituni. Mbuti alimwonyesha kijito kisichokauka wakati wa kiangazi, akamwonyesha udongo mzuri, kisha akamtembeza kwenye miti mikubwa ya mbau akisema: kuanzia hapa hadi pale unaweza kulima. Kijana alimpa chumvi na panga. Kwa chifu wa ardhi akapeleka mbuzi, kama desturi inavyotaka. Hakuna kilichoandikwa. Kwa Mbuti, jambo lile lilikuwa ukarimu: mgeni amepewa mahali pa kupata chakula, na msitu unabaki msitu. Kwa kijana, kadiri miaka ilivyopita, lile lile likageuka kuwa ununuzi.

Mwanzoni waliishi vizuri. Wambuti walileta nyama na asali, wakachukua ndizi, chumvi na vyuma, kama mababu zao walivyobadilishana na wanavijiji kwa vizazi vingi. Lakini kila mwaka shamba lilikula msitu, na wanyama wakasogea mbali. Nyama ikapungua, asali ikapungua, na Mbuti aliyekuwa akija na mzigo wa kubadilishana akaanza kuja mikono mitupu kuomba kibarua. Alipalilia kutwa nzima apate mkungu wa ndizi. Nyumbani kwa mzee walimwita "Mbuti wetu". Neno lile "wetu" lilisemwa kwa upendo, nami sitaki kuupuuza upendo huo. Lakini kitu kikishakuwa chetu, nani hukiuliza kinataka nini?

Zao la kwanza lilikuwa kahawa, robusta. Ilijenga nyumba ya bati na kulipa ada za shule. Kisha ukaja ugonjwa wa mnyauko wa kahawa, ambao mti ukishaupata hukauka umesimama, hauna dawa ila kung'olewa na kuchomwa. Mwaka 1993 ugonjwa huo ulionekana hata ng'ambo ya Semliki, Bundibugyo, nchini Uganda. Kahawa ya mzee ilikwisha, na wanawe wakapanda kakao. Kakao ilipoanza kuleta dola, walikumbuka jambo ambalo baba yao hakulifanya: karatasi. Mpimaji akaja. Aliyeshika ncha ya pili ya kamba, akitangulia kuwaonyesha miti ya mpakani, alikuwa mtoto wa yule Mbuti. Karatasi ikaandikwa: mashariki, kijito; kaskazini, shamba la fulani; kusini, shamba la fulani; magharibi, msitu usio na mtu.

Msitu usio na mtu. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold wa Pili ilitoa amri kwamba ardhi zote zisizo na watu ni mali ya dola, na kwa neno hilo moja Wakongo wakaambiwa kwamba mashamba yao yaliyopumzishwa, misitu yao ya kuni na ya dawa, na makaburi ya wazee wao havikuwa na mwenyewe. Wana wa mzee walijifunza amri hiyo shuleni na iliwachoma moyo. Ila siku ile, kamba ikiwa mkononi mwa Mbuti, hawakuona kwamba walikuwa wakiiandika upya.

Nataka sasa tutoke kidogo msituni kwetu, tuangalie makundi mawili ya watu walio mbali, Wacherokee wa Marekani na wakulima wa kakao wa Ghana. Moja lilinyang'anywa nchi, jingine liliijenga nchi kwa zao hili hili tunalolitegemea. Yote mawili yana la kumwambia mzee wetu.

Wacherokee hawakuwa watu wasio na karatasi. Mtu wao, Sequoyah, aliunda mwandiko wa lugha yao uliokamilika mwaka 1821. Mwaka 1827 walikuwa na katiba, na mwaka 1828 walikuwa na gazeti. Jimbo la Georgia lilipowabana, kesi iliyohusu nchi yao ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1832 mahakama hiyo ikatamka kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika ardhi ya Wacherokee. Haikusaidia. Tarehe 29 Desemba 1835, kikundi kidogo kisicho na idhini ya taifa kilitia saini mkataba wa kuiuza nchi yao yote iliyo mashariki ya Mississippi. Chifu mkuu John Ross alipinga, na maelfu ya watu wake walitia saini malalamiko. Seneti ya Marekani iliupitisha mkataba kwa kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika. Mwaka 1838 askari waliwatoa majumbani, na katika safari ya kwenda Oklahoma ya leo inakadiriwa kwamba watu 4,000 walikufa, kati ya kama 16,000.

Habari hiyo hutufanya tuwalilie, na ni haki. Lakini ina sehemu ya pili ambayo husimuliwa mara chache. Wacherokee matajiri walikuwa na watumwa Weusi, nao waliwatembeza katika safari ile ile ya machozi. Mababu wa watumwa wa Marekani walitoka sehemu nyingi za Afrika Magharibi, na baadhi yao walipakiwa melini kutoka ngome za Elmina na Cape Coast, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mkataba wa 1866 uliwapa watumwa walioachiwa huru uraia wa taifa la Cherokee. Hata hivyo, mwaka 2007 Wacherokee walipiga kura ya kuwatoa wazao wa watumwa hao, kwa hoja kwamba hawana damu ya Kicherokee. Ilihitajika hukumu ya mahakama mwaka 2017 ili warudishiwe haki, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Wacherokee wenyewe ikaamuru neno la damu liondolewe katika sheria zao. Watu walioujua uchungu wa kufutwa katika karatasi nao waliwafuta wengine. Kunyang'anywa hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki. Humpa jeraha tu, na jeraha lisipotazamwa huwa kisingizio.

Ghana nayo ina yake. Tetteh Quarshie alileta mbegu za kakao kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879, na kufikia 1911 nchi hiyo iliongoza duniani. Katika msimu wa 1937 na 1938, wakulima na machifu wao walikataa kwa pamoja kuyauzia kakao makampuni ya Ulaya yaliyokuwa yamepatana bei ya chini, na mgomo huo ulisaidia kuifungulia njia bodi ya kakao iliyoundwa mwaka 1947. Wana pia desturi iitwayo abusa: mavuno hugawanywa mafungu matatu, na anayelitunza shamba la mwenzake hujua fungu lake kabla hajashika panga. Desturi hiyo ina migogoro yake, lakini mfanyakazi ana sehemu inayotajwa, si mkungu wa huruma.

Na Ghana nayo ilijikwaa pale pale. Mnamo Novemba 1969 serikali iliwapa wageni wasio na vibali siku 14 waondoke. Wapaliliaji wengi wa kakao walikuwa miongoni mwao. Mashamba yakakosa mikono. Hiyo haikuwa sababu pekee: bei ndogo kwa mkulima, magendo, ukame na moto wa 1983 vilifuata. Lakini nchi iliyovuna zaidi ya tani 550,000 katika msimu wa 1964/65 ilivuna kama tani 159,000 tu msimu wa 1983/84.

Turudi Oicha. Mauaji ya raia katika eneo letu yalianza Oktoba 2014, na hakuna mtu wa Beni anayehitaji kusimuliwa. Familia ya mzee ilikimbia usiku, ikapokelewa na ndugu Butembo, katika wilaya ya Bulengera. Wambuti nao walikimbia, lakini wao hawakuwa na ndugu mwenye nyumba mjini. Walikaa pembezoni mwa Oicha, watu wa msitu wasio na msitu, wakiishi kwa vibarua. Kule nyuma kakao iliendelea kuzaa, na watu wengine waliivuna. Bei ya dunia ilipopanda, hata mwishoni mwa 2024 ikapita dola 12,000 kwa tani, kila shamba lililoachwa likapata wenyewe wapya. Mzee alikaa uani Bulengera akisikia bei redioni.

Ulipopatikana utulivu kidogo, mwanawe mkubwa alikwenda Oicha na karatasi mfukoni. Aliwakuta watu shambani nao wana karatasi. Miti mingi ya mbau ilikuwa imekatwa kwa mbao, na chifu aliyepokea mbuzi alikwisha fariki. Akaambiwa: leta shahidi anayeujua mpaka wa kale. Mwana huyo alijua kwamba shahidi huyo ni mmoja tu: yule Mbuti aliyempokea baba yake.

Alimkuta pembezoni mwa mji, mbele ya kibanda cha majani na turubai. Maisha yake yote alikuwa amemwita kwa jina tupu, kama mtu anavyomwita mtoto. Siku ile alisema:

"Jambo, Papa."

Yule mzee Mbuti alimtazama kwa muda. Alisikiliza shida yote, kisha akasema: "Nisomee karatasi yenu. Upande wa magharibi, upande wetu, imeandikwa nini?"

Mwana akafungua, akasoma: "Msitu usio na mtu."

"Basi, mwanangu," alisema Mbuti, bila hasira, "mtu asiyekuwepo hawezi kukuonyesha mpaka."

Mzee alipoletewa jibu hilo Bulengera, wanawe walidhani atalaani. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Hayo ndiyo maneno baba yangu alikosa wa kumwambia, alipotolewa Semliki."

Ndugu zangu wa Beni na Butembo, sisi ni watu wa kazi, na hilo linajulikana hadi Kampala, Dubai na Guangzhou. Tumejenga shule, hospitali na barabara bila kungoja Kinshasa. Chini ya Askofu Emmanuel Kataliko watu wa Butembo walizoea kujitolea mikono na fedha, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Graben kilizaliwa. Tunalalamika, tena kwa haki, kwamba maamuzi juu ya damu yetu hufanywa mezani tusipoketi. Ndiyo maana yatupasa kuuliza: ni nani asiyeketi kwenye meza yetu? Mwanafunzi Mbuti yuko wapi katika madarasa yetu? Katika ushirika wa kakao, nani husema kwa niaba yao? Wazee wetu walikuwa na kyaghanda, nyumba ya mazungumzo ambamo neno la mtu lilisikilizwa kabla ya uamuzi. Mbuti aliingia lini humo kwa jambo lisilokuwa kuleta kuni?

Njia ipo. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa haki juu ya msitu wake, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wambuti na ndugu zao kote nchini. Karatasi hizo haziwezi kutembea zenyewe kutoka Kinshasa hadi Mbau. Zinahitaji jirani anayejua kusoma, mwenye pikipiki na mwenye ndugu ofisini, yaani zinahitaji sisi.

Wala isidhaniwe kwamba hii ni sadaka. Vita vimetufundisha kwamba shamba hulindwa na kumbukumbu ya majirani kabla ya muhuri wa ofisi. Ukimfuta jirani yako mnyonge katika karatasi, umemfuta shahidi wako. Kwa hiyo siku utakapopata njia ya kurudi shambani, usianze kwa mpimaji. Anza kwa yule aliyemwonyesha babu yako kijito, au kwa mwanawe. Mwamkie kwa heshima ya umri wake, tembeeni mpaka mti kwa mti, mpatane fungu lake, kisha upande wa magharibi liandikwe jina lake.