Shimo Lisilo na Lifti



Mfanyabiashara anajenga ghorofa tano mjini Busia, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Ramani iliyopitishwa ina shimo la lifti. Pesa zinamwishia kabla lifti haijanunuliwa, basi shimo linabaki tupu kutoka chini hadi paani, na kila ghorofa ina uwazi uliozibwa kwa mbao. Fundi umeme anapitisha nyaya humo, fundi bomba naye anapitisha mabomba yake, na mwenye duka la chini anaweka maboksi. Mhandisi kijana, tuseme amemaliza Busitema juzi tu, anamwambia uwazi ule uzibwe kwa kitu kinachostahimili moto. Tajiri anamjibu: “Kanuni inasema lifti. Mimi sina lifti.” Je, jibu hilo linamtosha mbele ya Mola wake?

Sheria si haba. Upande wa Uganda kuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 na kanuni za viwango vya ujenzi za 2019. Kenya imeachana na kanuni za 1968, na zile mpya za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Wanafunzi wa uhandisi husoma pia kanuni za kimataifa zinazotolewa Marekani. Humo, shimo linalounganisha ghorofa nne au zaidi hutakiwa kuwa na kuta zinazostahimili moto kwa saa 2, na likiwa na ghorofa pungufu ya hizo, saa 1. Tena hukumu hiyo ya kuta haikufungwa kwenye lifti peke yake. Inahusu shimo lolote linalopenya sakafu, liwe la lifti, la mabomba au la hewa.

Kwa nini shimo? Kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na hupanda. Ukiipa njia iliyonyooka kutoka dukani hadi paani, umeijengea dohani katikati ya nyumba ya watu. Tarehe 21 Novemba 1980 hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, ilishika moto sehemu ya chini. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu, ambako moto wenyewe haukufika. Kilichowafikia ni moshi, uliopanda kwa mashimo ya lifti, ngazi na nyufa zilizoachwa kati ya sehemu za jengo.

Kwa aliyesoma usuli japo kidogo, hapa pana illa, yaani sababu inayobeba hukumu. Hatujapata kusikia mtu wa maana akisema chang'aa ni halali kwa kuwa jina lake halimo katika matini. Busaa na waragi pia hayamo. Kinacholevya kinalevya, na qiyas imekwisha hapo. Shimo lenye lifti na shimo lisilo na lifti hupitisha moshi sawasawa. Kwa hakika lile tupu huenda likawa baya zaidi, maana lifti ingekuja na milango ya chuma, na hili lina mbao na maboksi.

Lakini mwenye jengo naye ana hoja, na tusiipuuze. Anaweza kutukumbusha habari ya Bani Quraydha. Mtume (S.A.W.) aliwaambia Masahaba wasiswali Alasiri ila huko. Wakati ukaingia wakiwa njiani. Wengine waliswali palepale, wakaelewa kwamba makusudio yalikuwa kuharakisha. Wengine walishika neno kama lilivyo, wakangoja mpaka wafike. Hakulaumiwa yeyote. Basi aliyeshika dhahiri ya maneno analaumiwa kwa lipi?

Nimeifikiria hoja hiyo muda mrefu, na naona tofauti ni moja tu, ila ni kubwa. Wale waliochelewesha swala waliubeba wenyewe uzito wa ufahamu wao. Tajiri wetu anashika dhahiri, kisha uzito wake unambeba mpangaji wa ghorofa ya tano, ambaye hakuwapo kwenye kikao na wala hajui kuna nini nyuma ya ile mbao.

Mpakani kuna mtihani mwingine: kuwinda rukhsa. Mtu anachukua wepesi wa kanuni hii na wepesi wa kanuni ile, akajenga kitu ambacho hakuna kanuni hata moja ingekipitisha. Zile kanuni za Marekani, kwa mfano, huyasamehe majengo mengi yasiyo marefu sana yasiwe na ukumbi wa kuzuia moshi mbele ya mlango wa lifti, kwa sharti kwamba jengo zima lina vinyunyizio vya maji darini. Msamaha unanakiliwa kwenye ramani. Vinyunyizio vinaachwa, au vinawekwa na tangi halina maji. Rukhsa ina sharti lake. Kuvuka mpaka kwenda kununua sukari hakukufanyi msafiri wa kupunguza swala.

Kuhusu gharama, tusitishane. Shimo tupu linaweza kufungwa kwa zege katika kila ghorofa, likaja kubomolewa siku lifti itakapopatikana. Yaliyobaki ni kuziba kwa saruji pembezoni mwa mabomba na nyaya, na kuondoa maboksi. Saruji inatengenezwa hapo Tororo tangu miaka ya 1950.

Tajiri akikataa, mhandisi asitie sahihi, na aiandike sababu yake kwa barua, nakala iende kwa ofisi ya majengo ya wilaya au kaunti. Pengine kazi ataikosa, na yuko mwenzake atakayetia sahihi jioni hiyohiyo.