Ruzuku ya Utafiti: Amana ya Nani?

Mwishoni mwa Januari 2025, watafiti waliokuwa wakiendesha jaribio la kinga ya VVU katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walipokea amri kutoka Washington: simamisheni kazi zote. Fedha zao zilitoka USAID, na serikali mpya ya Marekani ilikuwa imesitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili iipitie upya. Lakini walikuwapo wanawake waliojitolea ambao tayari walikuwa wamewekewa ukeni pete ya silikoni, kifaa kilichokuwa bado kinajaribiwa kama kinaweza kuzuia mimba na maambukizi kwa pamoja. Baadhi ya watafiti hawakukubali kuwaacha hivyo. Waliwaita, wakazitoa pete, wakahakikisha wako salama.

Kwa mujibu wa amri, kazi hiyo haikuruhusiwa. Kwa mujibu wa dhamiri, kutoifanya kungekuwa kumtelekeza binadamu aliyeuamini mwaliko wa sayansi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mabadiliko ya sera za ruzuku nchini Marekani yameliweka mezani kwa dunia nzima: serikali ikishatoa fedha za utafiti, ahadi iliyomo ndani yake inamfunga nani, na hadi wapi?

Mfumo unaobadilishwa sasa una umri wa miaka 80 hivi. Novemba 1944 Rais Franklin Roosevelt alimwomba mhandisi Vannevar Bush, aliyekuwa akiongoza utafiti wa kivita, aeleze jinsi sayansi itakavyotumikia taifa wakati wa amani. Ripoti ilipokamilika Julai 1945, Roosevelt alikuwa amekwisha kufariki, ikapokewa na Harry Truman. Bush alishauri serikali itoe fedha, wanasayansi waachiwe uhuru wa kuchagua maswali yao, na fedha hizo ziwe za uhakika kwa miaka kadhaa mfululizo ili kazi za muda mrefu ziweze kufanyika. Truman hakuyakubali yote. Mwaka 1947 aliukataa muswada wa kuanzisha shirika la taifa la sayansi kwa sababu uliwapa wanasayansi mamlaka juu ya fedha za umma bila kuwajibika vya kutosha kwa rais aliyechaguliwa na wananchi. Shirika hilo, NSF, lilizaliwa mwaka 1950 baada ya pande hizo mbili kufikia maridhiano.

Kwa hiyo mvutano kati ya uhuru wa mtafiti na mamlaka ya mwenye fedha ni wa tangu mwanzo. Kwa miongo mingi ulitulizwa na utaratibu unaoeleweka. Mtafiti anaandika maombi, wataalamu wa fani yake wanayapitia na kuyapa alama, na yakishinda anapewa mradi ambao mara nyingi ni wa miaka hadi mitano, ingawa fedha hutolewa mwaka hadi mwaka. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ambazo bajeti yake ni dola bilioni 47 hivi kwa mwaka, hupeleka zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo kwa watafiti walioko nje ya maabara zake.

Kisha kanuni zikaanza kubadilika kwa kasi. Zile zilizoanza kutumika Oktoba 1, 2024 zilikuwa za kupunguza mzigo: kiwango cha matumizi kinachoilazimu taasisi kufanyiwa ukaguzi maalumu wa hesabu kilipandishwa kutoka dola 750,000 hadi milioni 1. Mwaka 2025 upepo uligeuka. Februari, NIH ilitangaza kwamba malipo ya gharama za uendeshaji, yaani umeme, majengo, wahasibu na kamati za maadili, hayatazidi asilimia 15 ya gharama za mradi wenyewe. Mahakama ikaizuia hatua hiyo. Mei 1, NIH ikasema haitatoa tena ruzuku ambazo sehemu yake inagawiwa taasisi za nje ya Marekani mpaka utaratibu mpya uwepo. Tangu Septemba 25, mtafiti mmoja hawezi kuongoza maombi zaidi ya sita kwa mwaka, na maombi yaliyoandikwa kwa kiasi kikubwa na akili unde hayapokelewi.

Zito kuliko yote ni agizo la rais la Agosti 7, 2025. Linawataka viongozi walioteuliwa kisiasa wapitie ruzuku kabla hazijatolewa, linasema maoni ya wataalamu ni ushauri tu, na linaelekeza kanuni zirekebishwe ili serikali iweze kukatisha ruzuku kwa sababu tu imeona hivyo inafaa. Wiki mbili baadaye, Agosti 21, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba madai ya ruzuku za NIH zilizokatishwa yapelekwe kwenye mahakama inayoshughulikia madai ya fedha dhidi ya serikali. Maana yake ni nzito kifalsafa: ugomvi juu ya ruzuku iliyovunjwa unachukuliwa kuwa ugomvi wa mkataba na malipo.

Hoja ya serikali inastahili kusikilizwa kwa haki. Fedha hizi ni kodi za watu. Mlipa kodi ana haki ya kujua zimefika wapi, na NIH ilikiri kwamba ufuatiliaji wa fedha zilizogawiwa taasisi za nje ulikuwa na mapengo. Vilevile serikali iliyochaguliwa ina haki ya kuwa na vipaumbele vyake. Kama hakuna kinachoweza kubadilika, uchaguzi una kazi gani? Anayetetea sayansi kwa kudai wanasayansi wasiulizwe kitu anadai jambo ambalo Truman alikwisha kulikataa, na alikuwa na sababu.

Lakini kuuliza ni jambo moja na kutelekeza ni jambo jingine. Kampala inao mfano ulio wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika Hospitali ya Mulago, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa Johns Hopkins walitumia fedha za NIH kujaribu dawa ya nevirapine kwa wajawazito zaidi ya 600 wenye VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto ilipunguza maambukizi kwa watoto karibu kwa nusu, ikilinganishwa na matibabu mafupi ya AZT. Baadaye zikaibuka lawama kwamba utunzaji wa kumbukumbu ulikuwa na kasoro. Mradi ulikaguliwa, nyaraka zikafunguliwa, na mwaka 2005 jopo huru la Taasisi ya Tiba ya Marekani likahitimisha kwamba kasoro zilikuwapo lakini matokeo yanaaminika. Uwajibikaji ulifanyika kwa ukali, na hakuna mama aliyelipa gharama yake.

Basi ruzuku ni kitu gani? Ikiwa ni hisani, mtoaji anaweza kuacha kutoa wakati wowote, na mpokeaji hana la kusema zaidi ya kushukuru. Ikiwa ni ununuzi, uhusiano unaishia pale mnunuzi anapolipa alichopokea. Mitazamo yote miwili inawaona watu wawili tu: mwenye fedha na mwenye maabara. Haimwoni wa tatu, yule aliyetoa damu yake, muda wake au tumbo lake kwa ajili ya elimu itakayowafaa wengine.

Ndiyo maana lugha ya dini inasaidia mahali ambapo lugha ya biashara inakwama. Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zifikishwe kwa wanaostahiki na hukumu itolewe kwa uadilifu, na amri hizo mbili zimewekwa pamoja. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mtu akishaweka wakfu hawezi kuurudisha kuwa mali yake. Msimamizi wa wakfu akifanya khiyana, kadhi anaweza kumwondoa na kumweka mwingine. Wanufaika hawanyang'anywi haki yao kwa kosa la msimamizi. Ruzuku ya serikali haina sura kamili ya wakfu, kwa kuwa bunge huidhinisha fedha kila mwaka. Hata hivyo kanuni ya kiadilifu ni ileile: ubaya wa mwenye kushika amana unatibiwa kwa kumbadilisha yeye, na asiyekosa hahukumiwi pamoja naye.

Falsafa ya Magharibi imefika karibu na hapo kwa njia yake. Mwaka 1785 Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asifanywe kamwe chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Marekani yenyewe ililipia somo hilo kwa aibu kubwa: kuanzia 1932 hadi 1972, idara yake ya afya ya umma iliwachunguza wanaume weusi 600 hivi huko Tuskegee, Alabama, ikiwaacha waliokuwa na kaswende bila tiba hata baada ya penisilini kupatikana. Kutokana na kashfa hiyo ilizaliwa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, yenye nguzo tatu: kuheshimu watu, kuwatendea mema na kuwa na haki. Nguzo hizo zinamdai mtafiti kila siku. Ni ajabu kama hazitamdai anayemlipa.

Wapo pia wanufaika wasioonekana. Mwaka 1966 Thomas Brock, aliyefadhiliwa na NSF, alipata katika chemchemi za moto za Yellowstone bakteria wanaoishi kwenye joto kali. Hakuna kiongozi wa kisiasa ambaye angekiita hicho kipaumbele. Kimeng'enya cha bakteria hao ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR kutumika kwa wepesi kote duniani, na kwa kipimo hicho watoto wachanga nchini Tanzania na Kenya hujulikana kama wamezaliwa na VVU au la.

Haki nayo lazima itazamwe pande zote. Vyuo vikuu vya Marekani vilipolalamikia kikomo cha asilimia 15, Harvard ilikuwa ikipata asilimia 69 kwa gharama za uendeshaji. Taasisi za nje, zikiwamo za Afrika Mashariki, kwa miaka mingi zilipewa asilimia 8 tu, na hazikuwa na mawakili wa kuzisemea. Anayeona dhuluma leo hana budi kukiri kwamba mfumo wa jana haukuwa na usawa.

Hukumu inayotokana na haya ni moja. Serikali ina haki ya kukataa maombi mapya, kubadili vipaumbele na kukagua kila senti. Haina haki ya kumwacha mshiriki katikati ya jaribio ambalo yenyewe ilimwalika kuingia. Katika yale yaliyokwisha kuanza, ridhaa ya mshiriki inamfunga mfadhili sawa na inavyomfunga daktari.

Afrika Mashariki haiwezi kubadili kanuni za Washington, lakini inaweza kubadili za kwake. Kamati za maadili za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zidai kwamba kila utafiti wenye fedha za nje uwe na fungu la kufunga kazi kwa usalama, lililotengwa kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Na serikali zilizokubaliana katika Umoja wa Afrika kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti zitimize ahadi hiyo. Wananchi wao ndio wanaojitolea miili yao kwenye majaribio haya, na wana haki ya kulindwa kwanza na nchi zao wenyewe.