Je, Anywaye Methadoni Ameuacha Ulevi?

Limekuwa likiulizwa katika baraza zetu swali linaloonekana dogo, na ndani yake mna uhai wa watu: kijana aliyekuwa akivuta unga au akijidunga, kisha akaenda hospitali akawa anapewa methadoni kila siku, je, huyo ameuacha ulevi, au amebadilisha kileo kwa kileo? Wako wanaojibu upesi kwamba hakuacha kitu, na kwamba mwenye imani ya kweli hutubu siku moja na kukata siku hiyo hiyo. Jibu hili ni jepesi kwa alisemaye, na mzigo wake humwangukia mwingine. Basi yatupasa tulipime kwa elimu, ya dini na ya utabibu pamoja, wala tusilipime kwa hasira.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Unga, yaani heroini, hutokana na afyuni. Mwili ukishauzoea, mtu akiukosa hushikwa na arosto: hutetemeka, hutapika, huharisha, mifupa humuuma na usingizi humtoka. Nguvu ya unga haidumu ila saa chache, kwa hiyo mtumwa wake huutafuta mara kadhaa kwa siku, na katika kutafuta huko ndimo huzaliwa wizi na uongo. Methadoni nayo ni ya jamaa moja na afyuni, hatukatai. Lakini hunywewa, hupanda polepole, na nguvu yake hudumu kadiri ya mchana na usiku. Aliyepewa kipimo kinachomfaa halewi wala hapati arosto. Huamka akaenda kazini, akasali naye ajua asemalo. Kipimo hicho huanzwa kidogo na kuongezwa kwa hadhari, kwani kikizidi, au kikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi, chaweza kuua. Ndiyo sababu mgonjwa hunywa mbele ya muuguzi.

Matibabu haya si mageni kwetu. Muhimbili, Dar es Salaam, yalianza mwaka 2011. Kenya yalianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwezi wa Desemba 2014. Malindi ikafuata mwaka 2015, na baadaye Ngara, Kisauni, Kombani na Lamu.

Aendaye Nairobi ataona jambo la kuzingatia. Ngara, karibu na katikati ya mji, vijana hufika kunywa dawa ya serikali, na wapita njia huwaita mateja. Upande wa magharibi, kwenye mitaa kama Lavington na Westlands, ziko nyumba za matibabu za kulipia, na mtoto wa tajiri akilazwa humo huitwa mgonjwa. Maradhi ni mamoja, lakini jina hufuata mfuko. Na wako wazazi wa Mwambao wauzao kiwanja ili mtoto wao akalazwe huko juma moja au mawili, asafishwe mwili, kisha arejeshwe nyumbani ikasemwa amepona. Wengine, wasio na kiwanja cha kuuza, humfungia mtoto chumbani mpaka arosto imwishe.

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Kusafisha mwili si kutibu uraibu. Arosto ikiisha, hamu hubaki. Na ule mwili uliokuwa ukistahimili unga mwingi umekwisha kupoteza ustahimilivu wake. Kijana akirudia, na wengi hurudia, hutumia kipimo chake cha zamani, na kipimo kile kile alichokizoea jana leo humkata pumzi. Basi mzazi aliyekataa methadoni kwa kutaka mwanawe awe safi kabisa aweza kumzika katika usafi huo. Hatusemi haya kwa kumlaumu mzazi, kwani amefanya kwa mapenzi. Twasema ili mapenzi yapate elimu.

Tuje katika hukumu. Hoja ya wanaokataza ni Hadithi inayokataza kujitibu kwa kilichoharamishwa, nayo ni hoja ya kuheshimiwa. Lakini wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walipambanua baina ya mvinyo wenyewe na vitu vinginevyo, wakaruhusu hivi vya pili kwa mgonjwa asiyepata badala yake, kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Na mas-ala haya ya afyuni hayakungoja zama zetu. Ibn Hajar al-Haytami wa Makka, aliyefariki mwaka 974 wa Hijria, naye ndiye mwenye kitabu cha Tuhfa kinachotegemewa na mashekhe wetu, aliulizwa juu ya mtu aliyepatikana na maradhi ya kula afyuni hata ikawa akiikosa ataangamia. Akajibu kwamba akilijua hilo kwa yakini, kuila kwake ni halali, bali ni wajibu, kama nyamafu kwa mwenye kufa njaa. Na kwamba ni wajibu juu yake kuipunguza kidogo kidogo mpaka mwili uiache, na akipuuza kupunguza amepata dhambi. Ibn Abidin wa Damascus, mwanachuoni wa Kihanafi, aliinukuu fatwa hiyo kitabuni mwake.

Atasema mtu: arosto ya unga ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, basi dharura iko wapi? Twamjibu: haikomi kwenye zile siku chache za arosto, iko pia katika miezi inayofuata, penye kurudia, na sindano za kushirikiana ziletazo ukimwi na homa ya ini, na kifo cha ghafla. Mwenye kuokolewa asizame hatolewi pwani akarudishwa majini kwa kuwa wimbi la kwanza limepita.

Atasema mwingine: Ibn Hajar ameamrisha kupunguza, nao hawa hunywa miaka. Hili ni neno la haki, wala hatulipuuzi. Dawa si ruhusa ya kukaa raha mustarehe. Mgonjwa yampasa kuwa na nia ya kutoka, na kumuuliza tabibu wake kila mara juu ya kupunguza. Lakini mwendo wa kupunguza huujua tabibu, hauamuliwi na majirani. Anayeharakishwa huanguka, na kuanguka kwake ni kurudi kwenye unga wenyewe.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: ulevi umeharamishwa kwa sababu huondoa akili, na dawa hii, ikinywewa kwa kipimo chake, humrudishia mtu akili yake. Anayeinywa hivyo ameuacha ulevi, ijapokuwa bado hajapona.

Yafuatayo yako juu yetu sisi. Mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa kipimo kimoja hutosha siku nzima, watu wa misikiti na wazungumze na hospitali ili dawa itolewe usiku, kijana asilazimishwe kuchagua baina ya funga yake na tiba yake. Na asiyeweza, mgonjwa anayo ruhusa yake katika sharia. Tena, mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na matibabu haya yalikuwa yakiegemea sana fedha za wageni. Kukatiwa methadoni kwa ghafla ni kusukumwa tena kwa muuza unga. Sisi tuna zaka, tuna wakfu, na tuna matajiri wanaojenga minara. Je, uhai wa vijana wetu uwe ni amana ya watu wa mbali, na hali wazazi wao na misikiti yao iko hapa?

Na kijana huyo akija msikitini, na apishwe safuni kama apishwavyo mgonjwa mwingine yeyote.

Wabillahi tawfiq.