Mtego wa Harufu na Haki ya Jirani

Sisi tunaoishi Oman tunamjua susa mwekundu wa mitende, mdudu aliyetoka Asia ya Kusini akaingia Ghuba katika miaka ya 1980. Buu lake hula ndani ya shina kwa siri. Siku unapogundua, aghlabu mti umeshakwisha.

Mwaka 1993 wataalamu walitangaza kuwa wameitambua harufu ambayo dume huitoa kuwaita wenzake, madume na majike. Leo hutengenezwa kiwandani, ikatundikwa ndani ya ndoo yenye matundu, pamoja na tende na maji. Mdudu huja akidhani ameitwa karamuni, akazama.

Je, ni haki kumhadaa kiumbe kwa harufu ya mwenzake? Twaona ni afadhali kuliko kumwaga sumu shamba zima, kwani harufu hii humwita susa, haimwiti nyuki.

Lakini lipo swali zito zaidi. Mtego hauwaui wote unaowaita. Mwaka mmoja tulizembea. Maji yakakauka, tende zikaoza, na harufu ikaendelea kuita. Msimu uliofuata jirani yetu, mama mjane, alipoteza mitende miwili. Hatuwezi kuthibitisha kuwa ni wadudu tuliowaita sisi, naye hakutudai kitu. Je, asiyedaiwa hana deni?

Tulimpelekea miche miwili. Itachukua miaka kuzaa. Na kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, twabadilisha maji ya ndoo zetu.