Muda, Si Msamaha

Kijana yeyote wa Kinakomba, kando ya Mto Tana, aliyeifuata Naruto, manga ya Kijapani, kwenye simu yake hadi kuangamizwa kwa mji wa Konoha anamkumbuka Nagato. Mtu huyu aliufyeka mji mzima kwa pigo moja. Kisha, baada ya kuzungumza na Naruto mwenyewe, shujaa wa hadithi, moyo ukamgeuka, akatumia pumzi zake za mwisho kuwafufua aliowaua pale. Watu wakaamka, wakajipangusa vumbi, naye akafa akiwa amesafika. Machozi yanakutoka, sikatai. Lakini Masashi Kishimoto, mchoraji wake, amemtua Nagato mzigo wenyewe wa toba: hasara imeondolewa, na mdeni amekufa kabla hajadaiwa. Dragon Ball nayo ni hivyo hivyo. Vegeta anaua watazamaji uwanjani, mipira ya joka inawarudisha, na baadaye tunamshangilia.

Kosa linaloweza kufutwa hivyo halina la kutufunza. Toba huanza kuwa swali pale kilichovunjika kisipoungika, na bonde la Mto Tana linalijua hilo. Tarehe 22 Agosti 2012, huko Riketa, kijiji cha Waorma, watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 7 ikawa zamu ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Ikafuata Kilelengwani, na Desemba 21 Kipao. Kinakomba iko juu zaidi, na damu nyingi ilimwagika kule chini, upande wa Garsen. Lakini mto ni mmoja na ugomvi ni ule ule. Mkulima wa Kipokomo ana mahindi, migomba na miembe yake ukingoni. Mfugaji wa Kiorma ana ng'ombe wenye kiu. Na malka, njia ya mifugo kushukia mtoni, inapita katikati ya mashamba. Baada ya mazishi, watu wale wale walirudi kuchota maji ya mto ule ule.

Aliyeua afanye nini basi? Dini zote mbili za bondeni zina jibu, na halimpendezi mkosaji. Wanazuoni wa Kiislamu hutenga haki za Mungu na haki za waja. Deni la Mungu hulipwa kwa kujuta, kuliacha kosa na kuazimia kutolirudia. Deni la mja lina sharti la nne: umrudishie haki yake au akuwie radhi. Usiku mzima wa sala haulipi ng'ombe wa jirani. Zakayo wa Injili naye hakuishia kwenye majuto. Aliahidi kurudisha mara nne. Yote haya ni sawa kwa mali. Kwa roho, arudishiwe nani? Aliyekuwa na haki ya kusamehe ndiye aliyezikwa. Ndugu zake wanaweza kupokea fidia na kusamehe kwa upande wao, lakini kwa upande wake hakuna wa kusema.

Ndiyo maana manga ninazoziheshimu ni zile ambazo aliyedhulumiwa hamalizii hadithi kwa kumkumbatia mkosaji. Katika Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, Scar aliwaua wazazi wa Winry, madaktari waliokuwa wakimtibu. Miaka baadaye binti huyo anakutana naye akiwa amejeruhiwa, anamfunga kidonda, kwa sababu wazazi wake wangefanya vivyo, na papo hapo anamwambia kwamba hajamsamehe. Mikono inatibu na moyo umefungwa. Wapatanishi wetu wengi wangeiona hali hiyo kuwa kazi haijaisha. Mimi naona ni mojawapo ya kazi zilizoisha vizuri zaidi.

Vinland Saga ya Makoto Yukimura inakwenda mbali kuliko hapo. Thorfinn, aliyeua watu tangu utotoni, anaishia utumwani katika shamba la Denmark, anang'oa visiki na kulima ngano, na usiku waliokufa wanamjia. (Mkulima wa Tana ataitambua mara moja siku ngano yake inapoharibiwa na watu waliomwonea wivu, na ngumi zinaporuka.) Kilimo kinambadilisha. Lakini siku moja anakutana na Hild, ambaye baba yake aliuawa na Thorfinn huyo huyo. Hild ana upinde wenye kifyatulio na shabaha kali. Thorfinn hamwombi msamaha kana kwamba ni haki yake. Anaomba muda, ajenge nchi isiyo na vita wala utumwa. Hild anampa muda huo, kisha anamfuata nyuma na upinde wake: ukipotoka, nakumaliza.

Nadhani hapo ndipo penye kiini. Anachoweza kukitafuta mkosaji ni muda, naye auishi mbele ya macho ya aliyemkosea. Mtu atasema hii ni dhuluma ya pili, kumfanya binti aliyepoteza baba awe mlinzi wa muuaji, atembee nyayo kwa nyayo nyuma yake. Ni kweli, na Yukimura hafichi uzito wake. Ila Hild ana kitu ambacho wahanga wengi hawana: hukumu iko mkononi mwake, na mkosaji analijua hilo kila asubuhi.

Linganisha na Hola, jirani wa Kinakomba katika Galole. Machi 3, 1959, wafungwa 85 wa Mau Mau walitolewa kambini kwenda kulazimishwa kazi ya skimu ya umwagiliaji. Wakapigwa marungu, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni iliyasingizia maji ya kunywa kwa vifo hivyo. Ilipofika Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama bungeni London akaeleza masikitiko juu ya mateso ya enzi ile, na pauni milioni 19.9 zikatengwa kwa walalamikaji 5,228 na gharama za kesi yao, huku serikali yake ikiendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Mwaka 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya akasikitika zaidi, bila kuomba radhi. Pesa si haba kwa mzee aliyesubiri miaka hamsini na zaidi. Lakini mkosaji alijipangia mwenyewe kipimo na maneno ya toba yake, akarudi kwao. Hakuna wa Hola anayemfuata nyuma.

Tana kuna ugumu mwingine. Hild anamjua mtu wake kwa sura. Riketa na Chamwanamuma vilivamiwa na makundi, na wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, wakikaa pamoja, husema kwa niaba ya jamii nzima. Mabaraza hayo nayathamini; bila hayo mazishi yangekuwa mengi zaidi. Ila jamii nzima ikikiri, hakuna mtu mmoja anayelala na neno hilo. Thorfinn bila jina lake ni mtu tu kati ya wengi waliokuwa na panga.

Kijana wa Kinakomba mwenye kalamu akitaka kuchora manga ya mto wake, ningemshauri asimfuate muuaji. Amfuate mama wa Chamwanamuma katika mwaka wa kiangazi, anapalilia, anatazama ng'ombe wakishuka malka, anajaribu kumtambua mmoja wa wachungaji. Mchungaji huyo apite mara tatu au nne kwa mbali, na kila mara awaelekeze ng'ombe wake mbali na mahindi. Kama yule mama atamwita au atamwacha apite, mchoraji asiamue haraka.