Sifa ya Udumifu

Gari likidumu, sifa ni ya nani: ya aliyeliunda au ya aliyelitunza? Mwaka 2004 Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, aliikabidhi Mercedes-Benz gari lake la dizeli, 240 D la mwaka 1976, lililokwisha kwenda kilomita milioni 4.6. Walakini injini ilibadilishwa mara nyingi. Wanafalsafa wa nchi hiyo hiyo walibishana zamani juu ya merikebu ya Theseus, iliyotiwa mbao mpya kila za kale zilipooza: ni ile ile, au nyingine? Injini ya dizeli huundwa nzito ili ihimili mgandamizo mkubwa wa hewa, na hiyo ni haki ya fundi. Lakini chuma hakijibadilishii mafuta. Gari hilo likawekwa katika makumbusho ya kiwanda, kana kwamba lilijitunza lenyewe.